Fundi na Akubali Kufundwa

Kijana akishashika patasi mwaka mmoja, siku hizi anataka aitwe msanii. Na mzazi wake, badala ya kumrudisha kwa fundi, humpigia makofi. Mtindo huu unaua kazi za mikono, na haufai kunyamaziwa.

Kama yupo mtu aliyeweza kudai kwamba sanaa imo damuni mwake, ni Egid Quirin Asam, mchongaji wa Bavaria, Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1692. Baba yake alikuwa mchoraji wa makanisa. Kaka yake, Cosmas Damian, akashika brashi vilevile. Baba alipofariki mwaka 1711, Egid hakujitangaza fundi. Alikwenda Munich akawa mwanagenzi wa mchongaji Andreas Faistenberger, akakaa chini yake kama miaka mitano.

Wapo wasemao kipaji ni cha kuzaliwa. Ni kweli, lakini kipaji hakimwambii mtu chuma kipi kitabeba uzito upi.

Tazameni altare ya kanisa la Rohr, huko huko Bavaria, aliyoimaliza Asam mwaka 1723. Mitume, wakubwa kama watu hai, wamelizunguka jeneza tupu, wameduwaa, mikono imetupwa huku na huku. Juu yao Bikira Maria anapalizwa mbinguni, mikono kaikunjua, malaika wamemshika, na chini yake hapana nguzo wala ngazi. Uzito wote wa plasta umeshikwa na vyuma vilivyofichwa. Plasta nayo haimngoji mtu: ikianza kukauka, mkono unaositasita huumbuka. Hayo hayaotwi usingizini. Hufunzwa na mtu anayeyajua, siku baada ya siku, mpaka mwanafunzi achoke na aendelee.

Basi wazazi, mwacheni mtoto afagie karakana ya fundi wake. Nanyi mafundi, msimfiche mwanagenzi siri za kazi kwa kuogopa atawapokonya wateja.

Na kujifunza hakuishi hata kwa bingwa. Kuanzia 1733 Asam alijenga Munich, kando ya nyumba yake na kwa fedha zake mwenyewe, kanisa la Mtakatifu Yohane Nepomuk, lenye upana wa mita 8 hivi tu. Kaka yake alishirikiana naye, kisha akafariki mwaka 1739. Egid, aliyekwisha kuwa bingwa wa sanamu, hakuona haya kushika kazi ya brashi. Mauti yalimkuta Mannheim mwaka 1750, ana umri wa miaka 57, akiwa kwenye kazi ya michoro ya dari katika kanisa la Wajesuiti.