Idi Imfuate Mtoto Kitandani

Hapana mtu wa pwani asiyejua kuwa Idi ni ya watoto. Sisi wakubwa tuna swala yetu na hotuba, tuna kuzuriana na kutakana radhi. Lakini ile Idi ya nguo mpya, ya kaimati za asubuhi, ya mkono wa Idi unaohesabiwa mara kumi kwa siku, hiyo ni yao. Watoto wa Mombasa huikimbilia Makadara, wa Unguja huikimbilia Mnazi Mmoja, na wa huku kwetu Voi hupita nyumba kwa nyumba. Je, msomaji mpenzi, yule aliyelazwa hospitalini apite wapi?

Voi ni njia panda. Barabara kuu ya Mombasa na Nairobi yapita hapa, reli ya zamani yapita hapa, na ile mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 nayo yapita hapa. Kwa sababu hiyo wodi ya watoto katika Hospitali ya Rufaa ya Moi haina watoto wa mjini peke yao. Wamo wa Sagalla na Kasigau, wamo wa mashamba ya mkonge, na wamo wa wasafiri waliopatwa na ajali njiani. Anayezidiwa hupelekwa Mombasa, mwendo wa kilomita 150 hivi. Mama yuko na mgonjwa, na nyumbani ameacha wengine. Nauli ya kuwaleta wote haipo. Basi Idi ikifika, mtoto huyo hana ndugu, hana jirani wala mwenzake wa kucheza.

Wengine watasema hospitali si mahali pa shangwe, na mtoto mgonjwa ametulia, aachwe apumzike. Uingereza nako walidhani hivyo. Zamani hospitali zao nyingi ziliwaruhusu wazazi kumwona mtoto kwa muda mfupi tu, ati akimwona mamake atalia. Mwaka 1952 James Robertson alionyesha filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa siku nane. Watazamaji waliona wazi kwamba ule utulivu wake ulikuwa huzuni. Wapo madaktari waliokasirika, lakini mwaka 1959 kamati ya serikali iliyoongozwa na Harry Platt ilishauri wazazi waruhusiwe kuingia bila ya kubanwa na saa. Kwetu mama hulala na mwanawe, na hilo ni jema. Lakini funzo ni lile lile: mtoto kunyamaza si kuridhika.

Sisemi kuwa hatuendi. Huenda, si haba. Nimewahi kuona katika wodi moja kundi la watu wema limeingia siku ya Idi mosi na katoni za biskuti, likapiga picha na kutoka kabla ya robo saa. Aliyefungwa bendeji mikono miwili akaachiwa pakiti asiyoweza kuifungua. Sadaka ilifika, lakini Idi haikufika.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, twende Idi pili na Idi tatu, wakati wageni wamekwisha. Siku ya kwanza kila mtu hukumbuka. Pili, twende watu wawili watatu, tukae. Mtoto asimuliwe hadithi, ategewe vitendawili, aulizwe jina lake na la kijiji chao. Mkono wa Idi apewe yeye mwenyewe mkononi, hata ikiwa ni shilingi 20, maana raha yake ni kuupokea na kuuweka chini ya mto. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tatu, tumwangalie mamake. Nusu saa ya kumshikia mtoto ili akaoge na kubadili kanga ni zawadi ambayo katoni ya biskuti haiifikii.

Nne, tuwaulize wauguzi kwanza. Huenda mtoto anangoja upasuaji na hapaswi kula kitu. Hata hina tuulize, kwa kuwa daktari hutazama viganja na kucha ajue kama damu imepungua. Na mwenye kikohozi au homa abaki nyumbani, atume salamu.

La mwisho ndilo kubwa. Huku Taita Taveta jirani wa kitanda cha pili aghalabu ni Mkristo. Haiwezekani kumpa mmoja halua na mwenzake amezee mate. Mtume wetu alituusia kumzuru mgonjwa na kumtendea wema jirani, na wodini mambo hayo mawili yamekutana. Tukigawa, tugawe kitanda kwa kitanda. Na Krismasi ikija, twende pia tukakae na yule ambaye jamaa zake wako mbali.

Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na mkataba huo wataja haki ya kucheza. Haukusema haki hiyo huisha mtoto anapovikwa nguo za hospitali. Idi hii tukitoka kuswali, na tukishakula biriani, tukumbuke kuwa wodini kuna mtoto anayetazama mlango. Swali ni moja tu: nani kati yetu atauingia keshokutwa?