Barua mbili za Mwambao

Watu wakizozana kuhusu Jerusalemu ni ya nani, sisi wa Mvita huona hayo ni mambo ya ng'ambo. Kumbe hata kisiwa chetu kiliwahi kuwekwa mezani London, serikali zikiulizana ni cha dola gani.

Ukipita Mji wa Kale leo na wanao, waonyeshe ukuta wa Fort Jesus. Hadi Desemba 1963 ilipepea hapo bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja, ingawa aliyetawala hasa alikuwa Mwingereza. Mnamo Desemba 14, 1895, Sultani Hamed bin Thuwaini aliwakabidhi Waingereza utawala wa ukanda wa maili kumi wa pwani, lakini hakuwauzia. Walimlipa kodi kila mwaka. Ndiyo maana bara lilipofanywa koloni mwaka 1920, Mwambao ulibaki himaya: mwenye nyumba Unguja, mpangaji Nairobi.

Uhuru ulipokaribia, moto uliwaka. Waarabu na Waswahili wengi wa hapa walitaka Mwambao ujitawale au urudi kwa Sultani. Ronald Ngala na Wamijikenda wengi walikataa katakata. Waliogopa kuachwa chini ya mabwana walewale wa mashamba. Nani angewalaumu? Mwaka 1961 Sir James Robertson alitumwa kusikiliza pande zote, akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya, nao Waislamu wapewe dhamana. Mkutano wa London wa 1962 haukumaliza ubishi.

Uliomalizwa na barua. Oktoba 1963 Waziri Mkuu Jomo Kenyatta na mwenzake wa Unguja, Mohamed Shamte, waliandikiana. Kenya iliahidi mahakama za Kadhi zitabaki, watoto wa Kiislamu watafundishwa Kiarabu, maofisa wa sehemu za Waislamu watakuwa Waislamu kila inapowezekana, na hati za ardhi zitaheshimiwa. Oktoba 8 mkataba ulitiwa saini.

Sasa tazama. Januari 12, 1964, mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa Kenya, mapinduzi ya Unguja yalimng'oa Shamte pamoja na Sultani Jamshid. Aliyeahidiwa hakuwapo tena kudai. Kadhi alinusurika kwa sababu aliandikwa katika katiba; yumo hata katika ile ya 2010, kifungu cha 170, baada ya mabishano makali na makanisa.

Ahadi ya ardhi nayo ilimlinda mwenye karatasi. Mmijikenda ambaye babu yake hakuandikishwa chini ya sheria ya hati ya 1908 aliamka siku ya uhuru akiwa skwota palepale penye makaburi ya wazee wake. Waliomkimbia bwana wa shamba walikuta hati ya bwana huyo imewekewa dhamana na serikali yao wenyewe.

Kundi la MRC lilipopaza sauti kwamba Pwani si Kenya, likapigwa marufuku mwaka 2010 na Mahakama Kuu ya Mombasa ikaondoa marufuku hiyo 2012, wengi walibishana juu ya karatasi za 1895. Kwa maoni yangu, hayo ya Sultani yalikwisha 1963. Kilichobaki ni kiwanja. Hata kule Majengo wapo wenye nyumba zao wenyewe wanaomlipa mtu mwingine kodi ya ardhi iliyo chini yake.

Nanyi wanafunzi mnaosoma historia, waulizeni wazazi jioni hii: hati ya hapo mnapolala ina jina la nani?