Mpeni Pole Baba Mdogo

San Antonio, Texas

Ndugu zangu na majirani wa Kihonda,

Kazi ni ile ile ya kulea wazee, zamu ya usiku, na barua hii naiandika nimetoka kazini, macho yamewiva kwa usingizi. Lakini neno hili limenikaa kifuani tangu Novemba, afadhali nilitoe.

Mji huu ni mji wa wanajeshi, kambi ziko kila upande. Huku mwanajeshi hangoji sikukuu ndipo ashukuriwe. Kwenye uwanja wa ndege, wenye sare huitwa wapande mapema, pamoja na wenye watoto wachanga. Duka la vifaa vya ujenzi linawapunguzia bei. Penye maegesho ya supamaketi utakuta nafasi zimeandikwa kwamba ni za waliowahi kutumikia jeshi. Tarehe 11 Novemba, siku yao, mikahawa mingi huwalisha bure, na wazee hupanga foleni na kofia zenye majina ya meli na vikosi vyao. Hata mtoto wa shule humsimamisha askari asiyemjua, akamshukuru kwa utumishi wake, akaenda zake.

Nilishangaa, maana mnajua nilikokulia. Sisi ukikutana na mjeda unapisha njia. Koti la mabaka tu ni kesi. Mwaka 2023 jeshi la Tanzania liliwapa raia siku chache wasalimishe nguo zinazofanana na sare zake. Huku makoti hayo yametundikwa dukani, kila mwenye hela anavaa. Nikasema moyoni, kumbe wenzetu wanaishi na askari wao kama watu na ndugu zao.

Baadaye nikaona na upande wa pili.

Nina mzee mmoja ninayemhudumia. Alipelekwa Vietnam akiwa na miaka 19. Aliporudi, nchi yake ilikuwa imevichoka vita vile, na anasema alivua sare njiani ili asikodolewe macho. Ukuta wa Washington wenye majina zaidi ya 58,000 ya waliokufa na waliopotea ulizinduliwa mwaka 1982, miaka 7 baada ya Saigon kuanguka. Uandikishaji wa lazima nao ulikoma mwaka 1973. Tangu hapo vitani huenda wachache kwa hiari yao, wengine wakabaki kushukuru. Mimi nadhani ndiyo maana wanashukuru sana: kuna deni, na kuna haya.

Wageni wakimkuta mzee wangu koridoni na kofia yake, wanamshukuru. Huitikia kwa adabu, halafu anageukia dirisha. Nikamuuliza, mbona hivyo? Akasema wanalitamka neno lile kama mtu anayelipa chai yake apate kuondoka.

Usiku mmoja mguu wake, ule wenye chuma, ulimuuma vibaya. Dawa nimeshampa, sina la kuongeza, nikajikuta namwambia kwa Kiswahili, "Pole, mzee." Akataka maana yake. Hapo nilihangaika, kwa sababu ukilivusha neno hili kwenda Kiingereza linageuka kuwa kuomba radhi, naye akanijibu kwamba sijamkosea kitu. Nikamweleza: kwetu anayerudi shamba hupewa pole, mfiwa pole, mgonjwa pole, aliyejikwaa pole, hata anayejijengea nyumba yake mwenyewe tunampa pole na kazi. Hujamkosea. Umeuona mzigo wake. Akanyamaza kitambo. Kisha akaanza kunisimulia habari za mvua na mto mmoja wa huko, na vijana aliovuka nao, mpaka kukapambazuka. Siku hizi nikiingia zamu ananiwahi yeye: "Pole!"

Ndipo nikamkumbuka baba mdogo.

Mnamjua kama fundi redio asiyesikia vizuri sikio la kushoto. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovuka mpaka kuingia Kagera, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likavunjwa, yeye alikuwa mgambo wa miaka 21. Wakaitwa wote: jeshi, mgambo, JKT, polisi, magereza. Malori na mabasi ya watu yakachukuliwa kuwapeleka. Lakini kutoka Mutukula kwenda Masaka, Lukaya, hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, sehemu kubwa ya njia waliikata kwa miguu. Waliporudi, nchi haina kitu. Mwalimu Nyerere alisema tufunge mkanda miezi 18. Tukafunga mkanda, tukafunga na midomo.

Nimekua naye nyumba moja, sikumuuliza hata siku moja. Kibaya zaidi, mnakumbuka wenzangu, tulikuwa tunapuliza mifuko ya karatasi na kuipasua nyuma yake ili tumwone akiruka. Tukacheka. Naliandika hili kwa aibu.

Sina ugomvi na Siku ya Mashujaa. Kila tarehe 25 Julai nawafuatilia kwenye simu viongozi wakiweka mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, na shada la maua. Askari wa vita vile waliolala Kaboya, Muleba, wanastahili. Wanastahili na vijana wetu wasiopungua 14 waliouawa kambini Semuliki, Kongo, usiku wa tarehe 7 Desemba 2017, wakilinda amani ya jirani. Lakini mkuki na ngao ni vya aliyekufa. Aliye hai anakaa mtaa wa pili anauza vocha, na majirani hawajui alifika wapi. Sisi ni mahodari wa kusahau hivi: wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, waliobebeshwa mizigo ya Waingereza hadi wakafa wengi kwa njaa na maradhi, wametuachia jina la Kariakoo, nasi tunakwenda pale kununua viatu.

Wala sisemi mwanajeshi ni malaika. Anayempiga raia kwa sababu ya koti la mabaka ashitakiwe. Hilo halimhusu baba mdogo.

Kwa hiyo naomba. Msimpigie makofi wala msimfanyie sherehe, ataona mmerukwa na akili. Jioni, akishafunga kibanda, mmoja wenu apeleke kahawa, akae upande wa sikio la kulia, ampe pole ya Kagera, halafu amwache aseme au asiseme. Fedha ya kifaa cha sikio nimeituma kwa dada. Si nyingi, lakini inaanzia.

Mwambieni Desemba nakuja. Kuna habari ya mifuko ya karatasi nataka kumwomba radhi mwenyewe.

Wenu, wa ughaibuni.