Pango na Mchimbaji Wake

Mtu wa Kakamega atajiwapo pango, mara hukumbuka kilima cha Lirhanda. Wageni wafikao katika msitu hukipanda kilima hicho alfajiri ili walione jua likichomoza juu ya miti, na washukapo huonyeshwa tundu jeusi ubavuni mwake, ambamo popo hulala mchana kutwa. Tundu hilo halikufanywa na maji wala upepo. Lilichimbwa na watu kwa sururu na tarimbo, katika siku zile za kutafuta dhahabu.

Dhahabu ilionekana Kakamega mwaka 1931, na mwaka uliofuata Wazungu wakafurika, wengi wao wakiwa wakulima walioumizwa na kuanguka kwa bei ya mahindi na kahawa. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya wenyeji ni yao milele, na kwamba sehemu yoyote ikitwaliwa watapewa nyingine badala yake. Mwezi wa Desemba 1932 sheria hiyo ikageuzwa, ili ardhi ipate kutwaliwa kwa ajili ya machimbo na mwenyewe alipwe fedha tu. Milele hiyo ilidumu miaka miwili. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, lakini hata leo wako vijana na akina mama wanaoshuka katika mashimo ya namna ile ile, na mara kwa mara udongo huwaangukia.

Basi si ajabu kwamba mtu aliyekulia huko huamini kuwa kila pango lina mtu aliyelichimba. Fikira hiyo imepata kuwapoteza hata wasomi. Mskochi Joseph Thomson alipofika Mlima Elgon mwaka 1883, aliyaona mapango makubwa ambamo watu walikaa pamoja na ng'ombe wao. Aliyatazama, akaona kwamba wenyeji wasio na zana kubwa hawangeweza kuyachimba, akakisia kuwa ni kazi ya taifa kubwa la kale, labda Wamisri. Hakumwuliza tembo.

Kwa maana mchimbaji wa Kitum, pango lijulikanalo kuliko yote ya mlima ule, ni tembo. Jiwe la Elgon ni majivu ya volkano yaliyogandamana, na ndani yake mna chumvi. Malisho ya mlimani hayana chumvi ya kutosha, kwa sababu mvua nyingi huiosha ardhi, kwa hiyo tembo huingia pangoni usiku, hupapasa njia gizani kwa mkonga, huchoma ukuta kwa pembe zao, kisha husaga vipande vya jiwe kwa magego. Nyati na pongo huwafuata na kulamba mabaki. Maji yapitayo katika jiwe nayo yana sehemu yake katika kazi hiyo, lakini kwa miaka maelfu tembo wameliendeleza pango hata likapata urefu wa karibu mita 200 kuingia mlimani. Wenyeji nao walichukua jiwe lile na kuwapa ng'ombe wao, jambo ambalo mfugaji yeyote atalielewa bila kuelezwa.

Kutoka Kakamega hata Kitale si safari ya kutisha, na walimu wengi hupeleka wanafunzi huko. Kwa sababu hiyo inafaa jambo moja lisemwe bila kufichwa. Mwezi wa Januari 1980 Mfaransa mmoja, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sukari magharibi mwa Kenya, alifariki Nairobi kwa ugonjwa wa Marburg, homa kali inayomtoa mtu damu. Daktari aliyemtibu aliambukizwa, akapona kwa shida. Mwaka 1987 mvulana wa Kideni mwenye umri wa miaka 15 alikufa kwa ugonjwa uo huo. Wote wawili walikuwa wameingia Kitum siku chache kabla ya kuugua. Wataalamu walitafuta chanzo kwa miaka mingi bila kukipata, hata mwaka 2007 virusi vilipopatikana katika popo walao matunda wa pango lilo hilo. Mwaka 2008 mwanamke wa Uholanzi alifariki baada ya kuingia katika pango lenye chatu na popo katika msitu wa Maramagambo, Uganda.

Watu wengi mno wameingia Kitum wakatoka wazima, na haifai mtu kusema kwamba safari hizo zikomeshwe. Lakini mtoto anayeshika ukuta wenye kinyesi cha popo kisha akala mkate kwa mkono ule ule amefanya jambo la hatari, na mwalimu anayemwangalia tu amefanya baya zaidi. Popo asishikwe. Chakula kiachwe nje, na viatu vivaliwe. Tena mtu asikae humo kwa muda mrefu, wala asipuuze kauli ya askari wa hifadhi.

Hayo ni mapango ya bara, ambayo angalau mchimbaji wake aweza kutajwa kwa jina. Pango gumu zaidi kulifahamu, kwa mtu wa Kakamega, ni la pwani. Akishuka Mombasa, akavuka kivuko cha Likoni na kufuata barabara ya Lunga Lunga, atasikia habari za Shimoni. Akielekea kaskazini mpaka Watamu, ataona majabali yaliyosimama baharini yamelika chini kama uyoga. Atauliza ni nani aliyechimba. Ataambiwa: maji.

Jiwe la pwani ni matumbawe. Ni mifupa ya viumbe wadogo wa baharini waliojenga mwamba wao chini ya maji, zamani za miaka 120,000 hivi iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo sasa. Bahari iliposhuka, mwamba ukabaki nchi kavu, na ndio huo wachongao watu kujengea nyumba na kuchoma kupata chokaa. Jiwe la chokaa lina adui wawili. Wa kwanza ni wimbi, ambalo hulipiga mguuni bila kuchoka na kulifukua kwa mchanga na vijiwe. Wa pili ni mvua, ambayo hushuka na ukali kidogo ilioupata hewani na katika majani yaliyooza, ikaliyeyusha jiwe polepole kutoka ndani, na kile ilichokiyeyusha hukidondosha tena darini kama vidole vya mawe. Kwa hiyo yako mapango ya pwani yaliyo wazi kwa mawimbi, na yako mengine yaliyojificha chini ya miti, ambayo mgeni hayatambui mpaka amefika ukingoni.

Mwenye kuzoea Ziwa Victoria akienda Kisumu asubuhi na akarudi jioni huyakuta maji pale pale alipoyaacha. Bahari haifanyi hivyo. Hujaa na kupwa mara mbili katika usiku na mchana, na kati ya kupwa kabisa na kujaa kabisa ni saa sita na kitu. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa sababu bahari hufuata mwezi wala haifuati saa ya mkononi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti ya maji ya juu na ya chini katika pwani ya Kenya hukaribia mita 4, yaani zaidi ya kimo cha watu wawili waliosimama mmoja juu ya mwenziwe. Katikati ya nyakati hizo huja maji mafu, yenye mwendo mdogo.

Sasa mtu na afikiri. Kundi la wageni limefika ufukoni saa nne asubuhi, siku ya bamvua, maji yamekupwa. Mchanga u mkavu, majabali yanafikika kwa miguu, na chini ya jabali mna pango zuri lenye kivuli. Wanaingia, wanapiga picha, wanakula machungwa. Maji yanaporudi hayaji kwa kishindo usoni mwao, bali hujaza kwanza vijito vilivyo nyuma yao, kati ya jabali na nchi kavu. Atakapogeuka mmoja wao, njia aliyoijia imekwisha kuwa maji ya kiunoni, na wimbi linaingia pangoni na kumsukuma kwenye jiwe lenye makali kama kisu. Mvuvi yeyote angaliwaambia kabla hawajaingia, kama wangalimwuliza. Swali lenyewe ni fupi: Leo bamvua au maji mafu, na maji yanarudi saa ngapi?

Nchi nyingine zimekuwa kali katika jambo hili. Katika kisiwa cha Capri, Italia, liko pango mashuhuri ambalo mwanga wa jua huingia kwa kupitia majini, hata maji yote yakang'aa buluu. Mlango wake ni kiasi cha mita 1 tu juu ya maji, na mgeni hulazwa chali ndani ya mashua ndogo apate kupita. Bahari ikichafuka pango hufungwa, ajapokuwa mgeni ametoka Marekani kwa ajili yake. Na karibu na Marseille, Ufaransa, mpiga mbizi Henri Cosquer aligundua mwaka 1985 pango ambalo mlango wake uko mita 37 chini ya bahari. Ndani yake mna picha za farasi na alama za mikono ya watu, zilizochorwa zamani bahari ilipokuwa chini sana na watu wakiingia kwa miguu. Mwaka 1991 wapiga mbizi watatu walikufa katika njia yake nyembamba.

Shimoni hakuna hatari ya namna hiyo, kwa kuwa mgeni hushuka kwa ngazi kutoka kijijini, na mwenyeji humwongoza. Lakini humo ndimo moyo unapoguswa zaidi. Pango ni pana, dari yake imetoboka mahali mahali na mizizi ya miti inaning'inia. Wenyeji husimulia kwamba watumwa waliotolewa bara walifungiwa humo wakingoja majahazi, na wageni huonyeshwa vyuma vilivyosalia ukutani. Pemba, palipokuwa na mashamba ya mikarafuu yaliyohitaji watu, iko ng'ambo ya mkondo. Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukataza biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, na soko la Unguja likafungwa, lakini utumwa wenyewe haukukomeshwa katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Katika miaka iliyo kati, mahali pa kuficha watu palikuwa na thamani.

Wazee wa Kidigo wana habari nyingine tena: kwamba pango hilo lilikuwa kimbilio vita vilipokuja, na mahali pa kuombea. Mgeni mwenye haraka hupenda kusikia habari moja tu, ya minyororo, akaondoka. Afadhali akae azisikie zote, kwa maana mwenye kuwaficha watoto wake humo ili wasichukuliwe, na mwenye kuwafungia humo watoto wa wenziwe, waliingia kwa mlango ule ule, wala maji yaliyolichimba pango hayakumchagua yeyote.

Kiingilio hutozwa na wanakijiji wenyewe. Akimaliza, mgeni wa Kakamega hutoka juani akifumba macho, akateremka mpaka gatini kutazama kisiwa cha Wasini. Mashua alizoziona asubuhi zimelala ubavu mchangani sasa zinaelea.