Thamostati Haikanyagi Mafuta

Jamani, hili nimelisikia mara nyingi mno hapa Mombasa na leo lazima niseme: kushusha kiyoyozi hadi 16 hakukifanyi chumba kipoe haraka.

Mtu anaingia nyumbani mchana wa Februari, chumba kina digrii 32. Anashika rimoti, anabonyeza mpaka namba inagoma. Ukimuuliza, "Nataka ipoe upesi." Hiyo ni imani, si teknolojia.

Thamostati si dereva wa matatu, eti ukimhimiza atakanyaga mafuta. Ni swichi yenye masharti. Mimi ningeiandika hivi:

KAMA joto > lengo + 1: washa kompresa
KAMA joto < lengo - 1: zima kompresa

Basi! Chumba kikiwa 32, uweke 24 au 16, jibu ni moja: kompresa inawaka, kwa nguvu ile ile. Ulichobadilisha ni mahali pa kusimama tu. Kwa 24 itapata kupumzika. Kwa 16, chumba kinachopigwa na jua la Pwani huenda kisifike kabisa, na kompresa itanguruma mpaka usiku ikila tokeni za stima. Wewe nawe unatafuta blanketi, unazima, unatoka jasho, unawasha tena 16. Mchezo gani huu?

Utasema, "Changu ni inverta." Sawa. Hicho hubadilisha kasi ya kompresa, lakini chumba kikiwa moto sana kitakwenda mbio hata ukiweka 24. Hupunguza mwendo kikikaribia lengo, na hapo ndipo kinapookoa umeme. Lengo la 16 linakinyima nafasi hiyo.

Lawama si za mtumiaji peke yake. Rimoti nyingi zinaonyesha namba uliyoomba, hazionyeshi joto la chumba. Sisi waandishi wa programu tunajua: ukimficha mtu hali halisi, atabuni yake.

India haikungoja watu wajifunze wenyewe. Tangu Januari 2020, viyoyozi vya nyumbani vinavyouzwa huko na nembo ya nyota vinatakiwa kutoka kiwandani vikiwa vimewekwa 24. Sisi tunangoja nini?

Weka 25, funga madirisha, washa feni, osha chujio, kisha iache rimoti ipumzike. Asiyekubali na alete kipimajoto na saa, tupime.