Seva Mbili, Ghala Moja



Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani Ludara, na siku ya soko nikaenda Koboko kumsaidia binamu yangu, mwenye kibanda cha fedha za simu. Saa tano huduma ikasimama. Wafanya biashara wa upande wa Kongo na Sudani Kusini walipanga mstari juani, na kila mmoja alikuwa na lake la kusema juu ya watu wa kompyuta. Mzee mmoja alisema kwamba wamelala. Mimi napata riziki yangu kwa kazi hiyo hiyo, nikanyamaza. Lakini nyinyi wenzangu, mlio darasani na mliokwisha ondoka, nathubutu kuwaambia kwamba pengine kusimama kule kulikuwa uaminifu, si usingizi.

Huduma hii ilianza Uganda mwaka 2009, na hesabu zake huandikwa katika hifadhidata, yaani daftari kubwa la kompyuta. Seva moja ikilitunza peke yake, siku inapougua biashara yote hulala. Kwa hiyo wengine huweka seva mbili au zaidi, zote zikiandika katika ghala moja la diski. Si jambo geni: kampuni ya Digital ya Marekani ilitangaza VAXcluster mwaka 1983, na Oracle ikaleta Real Application Clusters mwaka 2001. Seva moja ikifa, ya pili huendelea.

Hapo ndipo wanunuzi huacha kusikiliza. Fikirini makarani wawili wenye daftari moja, na kila mmoja huweka ukurasa kichwani apate kufanya haraka. Wa kwanza aona shilingi 50,000, atoa 40,000. Wa pili bado ana ukurasa wa zamani kichwani; naye aona 50,000, atoa 40,000. Basi hapana budi waulizane kabla ya kila andiko. Seva nazo huulizana hivyo hivyo, kwa waya wa peke yake.

Je, waya ukikatika? Zote mbili zi hai, lakini kila moja hudhani mwenzake amekufa na yenyewe ndiyo mrithi. Dawa yake ni kura. Kila seva ina kura moja, na sehemu ndogo ya ghala ina ya tatu. Yenye kura mbili huendelea. Iliyokosa huzimwa, au hufungiwa mlango wa ghala, bila kungojewa ijieleze. Ikiwa hakuna iliyopata mbili, zote husimama.

Nimeona mahali dawa hiyo ilipoondolewa. Mkubwa mmoja alichoshwa na huduma kusimama, akaamuru sheria ya kuzima ifutwe, naye akasifiwa kwa miezi kadhaa. Kisha waya ukakatika usiku, seva zote mbili zikaandika, na asubuhi daftari halikusomeka. Siku tatu tulirudisha hesabu kutoka nakala ya zamani. Yaliyoandikwa baada yake yalipotea. Mama mmoja alileta risiti aliyoifunga katika pembe ya kitenge, akalipwa. Wengine hawakuwa na karatasi. Kwa maoni yangu, ofisi isiyoweza kuvumilia kusimama isinunue seva ya pili.

Na ghala lenyewe? Seva kumi haziliponyi likiungua. Sisi wa West Nile twalijua jambo hili. Hata baada ya kituo cha Nyagak, cha megawati 3.5, kuanza mwaka 2012, mara ngapi tumekaa gizani na balbu zetu zote nzima? Nakala iwekwe katika ghala jingine, tena mbali, wala si chumba cha pili cha nyumba ile ile, kama nilivyokuta mahali fulani.

Pale Koboko huduma ilirudi saa nane. Binamu yangu alilinganisha salio lake na kitabu chake cha mkono. Hapakupungua hata shilingi. Yule mzee alipokea fedha zake, akazihesabu mara mbili, akaenda zake akinung'unika.