MTAZAMAJI ASIPUNGUZIWE UKWELI

Watu husema kwamba picha haidanganyi. Sisi twasema picha hudanganya, na mara nyingine hudanganya ili ipendeze.

Twatoa mfano wa mbali, nao ni shimo jeusi la angani. Shimo hilo ni zito mno, hata nuru ikiingia haitoki. Lenyewe halionekani, kionekanacho ni gesi ya moto inayolizunguka. Nuru ya gesi hiyo hupindwa na uvutano wa shimo, hata ile ya upande wa nyuma ikaonekana juu na chini yake. Tena, upande ambao gesi yatujia mbio hung'aa sana, na upande inakotukimbia hufifia.

Mwaka 1978 Mfaransa Jean-Pierre Luminet, mtaalamu wa nyota huko Meudon karibu na Paris, alipiga hesabu za nuru hiyo kwa kompyuta ya kadi zilizotobolewa. Kisha alichora picha kwa mkono, nukta baada ya nukta, kwa wino. Upande mmoja uling'aa, wa pili ukafifia, naye akauacha hivyo hivyo.

Mwaka 2014 ikatoka filamu ya Interstellar. Mashine zilikuwa na nguvu kupita kiasi, na mshauri wake alikuwa Profesa Kip Thorne. Lakini tofauti ile ya pande mbili iliondolewa, kwa hofu kwamba watazamaji wangetatanika. Haki isemwe: mwaka 2015 wataalamu wa filamu hiyo waliyaeleza hayo waziwazi katika jarida la sayansi. Lakini ni wangapi katika waliokaa sinema wasomao jarida hilo?

Tarehe 10 Aprili 2019 ilitolewa picha iliyopatikana kwa darubini nane za redio, ya shimo la galaksi ya M87, lenye uzito wa jua letu mara bilioni 6.5. Pete yake ilikuwa na upande mmoja ung'aao kuliko wa pili. Asiyejua sababu aliuliza, akaelezwa.

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Kwa hili hatukubaliani nao. Asiyejua ndiye hasa apaswaye kuambiwa. Mwenye kumfichia mfanyakazi jambo kwa kuhofia atatatanika, amekwisha kumdharau. Basi kila awaonyeshaye watu jambo, liwe la nyota au la hesabu za chama cha ushirika, na alionyeshe kama lilivyo, kisha akae alieleze.